Waliacha Kuogelea Mikononi Mwangu

Lubumbashi, Jumamosi, saa tisa mchana

Masengo wangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo, kwa hiyo hapa naziruka. Sasa hivi uko kule mtaa wa Kenya kwa yule dada wa kusuka, karibu na soko, na kwa jinsi ulivyochagua misuko midogo midogo, hutarudi kabla ya saa moja. Mama yangu, Nkambo wako, amelala. Nimejifungia chumbani mwako, nimekaa juu ya valizi yako ya safari kwa sababu kiti umekirundikia nguo, na valizi yenyewe nimeshaifungua mara mbili baada ya wewe kuifunga. Usinikasirikie kwa ajili ya valizi. Kuna jambo lingine la kunikasirikia, nalo linakuja.

Mambo ya sweta, ya chakula, ya wanaume wa Afrika Kusini, shangazi yako alikueleza yote jana mpaka ukasinzia. Siongezi neno. Na ukijiuliza kwa nini mama yako anaandika Kiswahili cha shule, kile cha masista, ni kwamba kile cha nyumbani kinaniletea machozi haraka, na nina kazi ya kumaliza hapa kabla hujarudi.

Basi nalisema. Wale bakteria wako wasioogelea, wale waliomfanya profesa wako apige meza kwa furaha, wale waliokupatia nafasi ya masomo unayoiendea kesho Afrika Kusini, hawakutoka hivyo tumboni mwa Nkambo. Walitoka wakiogelea. Waliacha kuogelea mikononi mwangu wakati wewe uko Kinshasa. Nililijua hilo siku ile ile ulipowatazama kwa hadubini, na nimenyamaza miezi kumi na mmoja.

Kaa chini kama umesimama. Usije jikoni kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu njoo na hasira yako yote, utanikuta.

Nianze mbali kidogo, maana nataka uone jinsi mtu mzima, laborantine, mpimaji wa maabara mwenye miaka ishirini na zaidi kazini, anavyoweza kufanya ujinga hatua kwa hatua bila kusukumwa na mtu.

Nkambo wako alikuwa na moto tumboni tangu mimi msichana. Alisema alipanda nao treni moja kutoka kaskazini, siku mume wake, mfanyakazi wa reli, alipomleta mjini. Aliutuliza kwa udongo mweupe, kwa maji ya majani, kwa sala za novena. Na mimi binti yake, ninayetazama damu na choo cha nusu ya mji huu, nilikuwa namwambia nini? "Mama, punguza pilipili." Aibu tupu. Ni wewe, mwanafunzi wa biolojia, uliyemkokota mpaka hospitali ninakofanya kazi, akapitishwa mpira wenye kamera kooni. Alipotoka pale alikuwa amevimba kwa hasira. "Balinimezesha nyoka," akasema, "na niko na njala!"

Daktari alitoa vipande viwili vya nyama vya ukubwa wa punje ya mchele. Kimoja kilipimwa, kikamletea dawa, na leo anakula pilipili mbele yetu makusudi ili tumwone. Kingine ulikiomba wewe kwa ajili ya kazi yako ya kumaliza masomo. Ulimwuliza kwa heshima zote, naye akakuruhusu: "Utwale tu. Miye siko na kazi nayo."

Unaikumbuka ile jioni ya gombo, bamia kwa Kiswahili cha masista? Tulikuwa tunakula bukari, ugali wetu, sisi watatu, kama kawaida tangu baba yako atutoke, na Nkambo akakuuliza: "Ile dudu yangu, iko na miguu?" Ulichovya kidole ndani ya mboga, ukakiinua kikivuta ute.

"Nkambo, haina miguu, iko na mikia. Ine, tano, yote upande moja, na inazunguka. Acide ya tumbo inaweza kuiua mbio-mbio, njo inakimbilia mu ute. Ute ya tumbo iko vile hii gombo. Inaitoboa, inaingia, inafika chini kwenye acide haifikake. Kama haijue kuogelea, inakufa, inatoka na bukari."

Halafu ukaanza mambo ya jeni, mkono mmoja kwenye bukari, mwingine hewani. Kwamba mkia haujengwi na jeni moja, zinajenga nyingi, kila moja na kazi yake: nyingine inatengeneza mkia wenyewe, nyingine mota ya kuuzungusha, nyingine inaonja ukali wa asidi na kugeuza njia. Kwamba jeni ni maandishi, na herufi moja ikikosewa mahali pabaya, mkia haujengwi kabisa, au unajengwa na hauzunguki. Kwamba katika jeni fulani herufi moja inarudiwa rudiwa mfululizo, na bakteria anapojinakili anaweza kuteleza hapo, akaandika moja zaidi au moja pungufu, na mtoto wake akazaliwa hana mkia. Nkambo alitazama sahani yake. "Mutanimaliza," akasema, akaisukuma. Nilikula langu na lake.

Nilikupenda sana jioni ile. Sikukwambia. Mimi ni mtu wa kusema "osha vyombo" ninapotaka kusema jambo jingine, na wewe umezoea, lakini nadhani kuna siku ulihitaji maneno yenyewe.

Sasa sikiliza ambacho hukukiona. Bakteria walipoota mara ya kwanza, vile vidoa vinavyong'aa kama jasho juu ya jeli ya damu, wewe ulikuwa na mitihani. Nilichukua kidogo tu, nikakitia katika tone la maji, nikaweka chini ya hadubini. Hukunituma. Udadisi wangu. Walikuwa wanakimbia, mwanangu! Wanakwenda mbele wakijizungusha kama parafujo, wanasimama, wanageuka, wanaondoka tena, mpaka jicho likachoka kuwafuata. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni ukarudi ukilia kwa sababu ya swali la tatu la kemia, tukazungumza kemia. Sikuandika popote nilichokiona. Hilo ni kosa la kwanza, na ndilo dogo.

Wiki hiyo hiyo nilifanya jambo lingine peke yangu, na hili namshukuru Mungu. Unamjua docta wa ng'ombe, yule anayeimba besi kwenye kwaya yetu. Kule shambani kwake, barabara ya Kipushi, ana tanki la baridi kali, linalotoa moshi mweupe ukilifungua, anamotunza mbegu za madume. Nimefanya kazi maisha yangu yote katika mji ambao umeme unaondoka bila kuaga. Nikachukua vichupa vitatu vya bakteria wa Nkambo, nikampelekea, nikamwambia: "Docta, unitunzie hizi pamoja na bangombe yako." Akaandika jina langu kwa kalamu, akavizamisha. Nikasahau kukuambia. Kwanza nilisahau kweli. Baadaye haikuwa kusahau tena.

Halafu ukapata ile nafasi ya mafunzo Kinshasa, miezi mitatu. Ukanikabidhi bakteria wako kwenye labo yetu ya hospitali kama mtu anayeacha mtoto mchanga. Ukabandika karatasi ukutani kwa herufi nyekundu: "Mama! Usihamishe zaidi ya mara tano. Baada ya hapo anza upya kutoka kwenye friji." Nilikucheka. Lakini nilijua sababu. Bakteria hawa ni watu wa kubembelezwa: hewa yetu ya kawaida inawaua, wanataka kufungiwa ndani ya kopo na pakiti ya kunyonya hewa, na kila siku ya tatu lazima wahamishiwe sahani mpya, la sivyo wanajikunyata na kufa. Na kila wanapohamishwa wanazidi kuwa wageni kwa tumbo walikotoka. Ndiyo maana uliacha vichupa kwenye friji ya baridi kali, ili nirudi mwanzo kila mara.

Wiki ya pili umeme ulikatika Ijumaa mchana. Jenereta ya hospitali ilikuwa inalisha chumba cha upasuaji peke yake. Zamu ilikuwa yangu, na kazi ilikuwa moja tu: kutafuta barafu na kuijaza friji. Mimi nilikwenda kwaya. Tulikuwa na mazoezi ya Pasaka, na nina ile sehemu yangu ya kuimba peke yangu, unajua ninavyoipenda. Nikasema umeme utarudi kabla ya jioni. Jumatatu nilifungua friji, maji yakanitiririkia miguuni. Nilijaribu kila kichupa. Hakuna kilichoota.

Ningekupigia simu. Ungelia, ungepiga kelele, ungeniita majina, na baada ya robo saa tungekuwa tunazungumza tufanye nini. Mbona sikupiga? Na mbona sikwenda kwa docta wa ng'ombe siku ile ile? Hili nimejiuliza sana. Kwenda kule kulikuwa kumwambia mtu kwamba vingine vimekufa, na mtu mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yangu Ijumaa ile, akinisikia ninavyoimba. Niliona haya. Hakuna sababu nyingine kubwa kuliko hiyo, nimeitafuta.

Basi nikaendelea kuhamisha waliobaki, sahani hadi sahani, kila siku tatu. Ilipopita mara ya tano, karatasi yako nyekundu ikaanza kunitazama. Nikaigeuza. Na juu ya kila kifuniko, mahali pa kuandika hii ni mara ya ngapi, nikaandika 2. Kila mara 2, kana kwamba nimetoka kuanza upya jana.

Hilo, Masengo, ni ugonjwa wetu sisi watu wa labo. Kuharibu kitu kunatutisha kidogo tu, ila daftari chafu linatutia hofu kabisa. Nilipoanza kazi, kijana kama wewe, nilivunja kipimajoto cha sanduku la kuoteshea. Mkuu wetu wa wakati ule alikuwa mtu wa kukuaibisha mbele ya wagonjwa. Sikusema. Wiki nzima nikawa naandika kwenye daftari la joto, asubuhi na jioni, thelathini na saba, thelathini na saba, thelathini na saba. Wiki hiyo sanduku lilikuwa limepoa, hakuna kilichoota ndani yake, na watu waliambiwa hawana kitu. Sijui ni wangapi walikuwa nacho. Sikugunduliwa. Nilipongezwa kwa mwandiko mzuri. Nadhani kama ningetukanwa siku ile, leo nisingekuwa nimekaa juu ya valizi.

Ukarudi kutoka Kinshasa umekonda, na tayari umejifunza ile kazi ya jeli laini. Nilisimama nyuma yako nikikutazama: unapika jeli iwe nyepesi, karibu na maji, unachoma bakteria katikati kwa ncha ya sindano, unasubiri siku sita. Wanaoogelea wanatoka pale ulipochoma, wanaenea, wanachora duara. Wasioogelea wanabaki kwenye tundu. Siku ya sita uliinua sahani kwenye dirisha, na hapakuwa na duara lolote. Ukaweka tone chini ya hadubini. Ukapiga kelele.

"Mama! Haitembeye! Hata moja! Kuya uone!"

Nilikuja, nikaona. Waliokuwa wanakimbia mpaka jicho langu linachoka, walikuwa wamelala kama makombo, wanatikiswa na maji tu. Nilielewa palepale. Juu ya sahani yangu chakula kiko kila upande, asidi hakuna, ute wa kutoboa hakuna. Anayepoteza nguvu kujenga mkia anaachwa nyuma na asiyejenga. Ukihamisha na kuhamisha, wasiojenga ndio wanaobaki. Wewe ulikuwa unaruka umevaa koti la labo, unasema vitabu vyote vinasema bakteria asiyeogelea hawezi kukaa tumboni mwa mtu, na huyu hapa, katoka tumboni mwa Nkambo! Ulinikumbatia. Nikasema, "Osha vyombo kwanza, tutasherehekea nyumbani."

Nilikusudia kukuambia kesho yake. Kesho yake profesa wako alikuwa amekwisha kuja, akapiga meza. Nikasema nitasubiri atulie. Akaandika muhtasari, akautuma Afrika Kusini. Nikasema labda hawatajibu. Wakajibu. Nkambo akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Mwanangu, baada ya vigelegele, kusema ni kazi ngumu. Kila wiki ilikuwa ngumu kuliko ile iliyopita, na mimi nilikuwa nangoja wiki iliyo rahisi.

Kilichonivunja ni juzi juzi, wiki mbili zilizopita, ulipofanya mazoezi ya kueleza kazi yako hapa sebuleni, mimi na Nkambo tukiwa ndio maprofesa. Ulionyesha picha ya sahani kwenye kompyuta. Juu ya kifuniko kulikuwa na mwandiko wangu, ile 2 yangu nzuri yenye mkia wa kuringa. Ukasema kwa sauti imara: "Na kwa sababu imehamishwa mara mbili tu, tunajua ilitoka hivyo tumboni." Ulinigeukia, ukanitabasamia kama mtu anayemtaja shahidi wake. Nikatoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka barabara ya Kipushi. Docta alifungua tanki, moshi ukamwagika miguuni mwetu, akatoa kichupa kimoja chenye jina langu. Nikamwambia kila kitu palepale, ng'ombe wakisikiliza. Alicheka kidogo, akasema kwa utani alidhani nimekwisha kufa na urithi wangu umebaki kwake. Basi! Mtu niliyemwonea haya mwaka mzima alisema hivyo tu.

Niliwaamsha kwenye jeli ya damu. Siku tatu hakuna kitu, nikawa siwezi kula. Uliniuliza kama ni tumbo. Siku ya tano wakaota. Nikapika jeli laini kama ulivyopika wewe, nikachoma upande mmoja hawa wa tanki, upande wa pili hawa wa sahani zangu, uliowagandisha uliporudi. Sahani tatu, si moja, usije ukaniambia ni bahati. Leo asubuhi, ulipokuwa unagombana na shangazi yako kuhusu nywele, mimi nilikuwa labo. Sahani zote tatu zina duara upande mmoja, duara safi, pana kama kifuniko cha soda. Upande wa pili, tundu la sindano na kimya. Nikaangalia kwa hadubini. Wanakimbia, Masengo. Ni wale wale niliowaona wiki ile ya mitihani.

Nilikaa kwenye kile kiti kirefu nikalia, tena si kwa huzuni. Ndiyo maana nataka unisikilize hapa kuliko mahali pengine pote, maana wewe hasira ikikupanda masikio yanaziba, na hilo umelirithi kwangu.

Ulichokuwa nacho hakikuwa kweli. Lakini fikiria ulicho nacho sasa. Una ndugu wawili wa tumbo moja, kwa maana halisi ya neno: mmoja anaogelea, mwingine hawezi. Maandishi yao ni yale yale karibu kila mahali. Ukiyasoma yote mawili sambamba, huko kwenye mashine kubwa za hao watu, tofauti zitakuwa chache sana, na moja kati ya hizo ndiyo iliyouzima mkia. Labda ni mahali pale pa kuteleza ulipotueleza juu ya gombo. Labda ni jeni ambayo hakuna aliyeishuku. Labda wasioogelea walikuwamo tumboni tangu mwanzo, wachache, na mimi niliwapa tu nafasi ya kujaa. Mimi sijui. Wewe utajua. Na labda utaweza kuwarudisha waliolala waogelee tena, maana ulisema mwenyewe anayeteleza mbele anaweza kuteleza nyuma. Hilo ni swali bora kuliko lile la kwanza, hata laborantine wa zamani analiona.

Nimeogopa sana kwamba wataifuta nafasi yako. Bado naogopa, sikudanganyi. Ila nimeogopa zaidi kukuwaza uko huko peke yako mwaka wa pili, umejenga kila kitu juu ya ile 2, na mtu mgeni anakuuliza swali mbele ya watu nawe huna jibu kwa sababu jibu liko Lubumbashi, limeketi linakula bukari. Kosa langu likuumize mkononi mwangu, nikikushika. Sitaki likuumize huko mbali.

Sikuwa na mahali pa kuandika ukweli ule, lakini mkono wa laborantine hauwezi kuacha kuhesabu. Nyuma ya daftari langu la kwaya, baada ya nyimbo za Pasaka, utakuta mistari midogo ya kalamu ya risasi, mmoja kwa kila siku niliyohamisha. Ndiyo daftari pekee la kweli la miezi ile mitatu. Nimeliweka juu kabisa ndani ya valizi, na ndani yake karatasi mbili za Kifaransa nilizoandika na kutia sahihi, zinaeleza yote bila kujipendelea. Vichupa viwili vilivyobaki bado viko kwa docta, vitasafiri kwa karatasi zote zinazotakiwa, profesa akiomba.

Profesa anakaa mtaa wa Golf. Ndege yako ni ya mchana. Kesho baada ya misa ya kwanza tunaweza kupita kwake, mimi nibishe mlango, mimi niseme, wewe usimame tu nyuma yangu. Nilitaka kwenda leo peke yangu niimalize. Viatu nilikuwa nimekwisha kuvaa. Nikavivua, kwa sababu nimeshafanya mengi mno nyuma ya mgongo wako. Ukisema hapana, sitakwenda. Ukitaka kumwambia mwenyewe, kwa njia yako, ukiwa umefika, sawa. Ukitaka siku mbili usiseme nami neno, huko uwanja wa ndege nitakushikia mkoba nikinyamaza, na unajua kunyamaza kunanigharimu nini.

Nkambo nilimwambia jana. Ni bakteria wake, nilidhani ana haki ya kusikia wa kwanza hapa nyumbani. Alipangusa miwani, akauliza: "Donc dudu yangu ilikuwa inatembea muzuri, njo weye uliilemaza?" Nikasema ndiyo, Mama. "Na mutoto hajue?" Nikasema hajui. Akanitazama kama alivyonitazama nilipovunja chungu chake nikiwa na miaka saba na kumsingizia mbuzi.

"Umuambie," akasema. "Ule mutoto eko na moyo ya nguvu kukushinda. Weye njo unaogopaka."

Kisha akaniomba pilipili.

Nasikia lango. Sijui kama ni wewe au ni upepo, kwa hiyo namaliza. Nilikuogopea tangu siku ulipojifunza kutembea, nikakuwekea kila kitu karibu, chakula, labo, kitanda, nikaita hilo upendo, na lilikuwa upendo kweli. Lakini nakupenda pia ukienda. Hili naliandika ili siku nyingine nikisema "osha vyombo", ujue.

Sahani moja nimeileta nyumbani, imefungwa vizuri, ipo mezani chini ya kitambaa cheupe. Iangalie kwanza, mimi baadaye. Iinue kwenye taa, utaliona duara. Na upande wa pili, kwa wale waliolala, nimefuta kwa spiriti ile 2 niliyoiandika tena kwa mazoea. Nimehesabu mistari ya daftari la kwaya mara tatu, nikaandika juu ya kifuniko hesabu yenyewe: 31. Chini yake nimeandika aliyehamisha, jina zima, kwa wino usiofutika.

Mama yako,
Ngoie Julienne, laborantine